Fosfati kwa Maua: Mfuko Upi, Kiasi Gani na Wapi



Ukurasa huu umezoea mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa. Mara hii twaomba ruhusa tuongee juu ya maua. Maua si mchezo tena. Kuanzia Limuru hadi Kinangop, na kule Murang'a na Kirinyaga, kina mama na vijana wengi wana vitanda vya maua. Wako wanaokuza arabikamu na Mobydick za kuwauzia wanunuzi wa kupeleka ng'ambo. Wako wenye waridi, gladiola na mayungiyungi ya kuuza mjini, kwa arusi, kwa mazishi na kwa altare. Na wako wenye maua ya mbele ya nyumba tu. Hao pia wasikae mbali.

Swali tunalolipata zaidi tukitembelea vikundi ni hili: "Tunaweka DAP kila msimu, mbona mashina bado ni mafupi na maua ni machache?" Ukienda dukani na swali hilo, mara nyingi jibu ni moja: ongeza fosfati, ati fosfati ndiyo ya maua. Basi kikundi kinatoa pesa za mzunguko, au kinakopa, kinanunua mfuko mwingine. Siku ya kuvuna mnunuzi anakuja na kipimo chake, anapima urefu wa shina, anakataa nusu ya mzigo, na deni la mbolea liko pale pale.

Sisi twasema hivi: mara nyingi fosfati ya kutosha ilishanunuliwa zamani. Iko shambani, chini ya miguu yetu, lakini imefungwa. Kabla ya kununua nyingine yafaa tujue imefungwa na nini, na inafunguliwaje.

Namba tatu za mfuko

Kila mfuko wa mbolea ya dukani una namba tatu. Ya kwanza ni nitrojeni, inayoleta majani. Ya pili ni fosfati. Ya tatu ni potasiamu, inayosaidia shina kuwa imara na mmea kutumia maji vizuri. DAP ni 18:46:0. Maana yake, katika kila kilo 100 mna kilo 18 za nitrojeni, kilo 46 za fosfati, na potasiamu hakuna kabisa. Kwa hivyo mfuko mmoja wa kilo 50 una kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfati. Kitu kilichobaki si udanganyifu wa kiwanda. Ni sehemu ya chumvi yenyewe inayobeba chakula hicho.

Hapo kuna jambo dogo linalowachanganya hata waliosoma. Ile namba ya pili haihesabu fosforasi tupu. Inahesabu fosforasi ikiwa imeungana na oksijeni, na huandikwa P2O5. Fosforasi yenyewe ni asilimia 44 tu ya hiyo. Kwa hivyo kilo 23 za fosfati ni kama kilo 10 za fosforasi. Karatasi ya maabara ikikuandikia "P" na mfuko ukikuandikia "P2O5", usizilinganishe moja kwa moja. Wako waliokosea hapo wakaweka nusu ya kilichotakiwa, na wengine wakaweka mara mbili.

Kazi ya fosforasi

Mmea hauhitaji fosforasi nyingi. Ukiukausha mmea wenye afya na kuupima, fosforasi haifiki hata nusu kilo katika kila kilo 100. Lakini bila hiyo kidogo hakuna kinachoendelea. Nguvu ambayo majani hutoa kwenye jua hubebwa na fosforasi kutoka sehemu moja ya mmea hadi nyingine, kama vile pesa hubeba thamani kutoka soko hadi soko. Chembe za uzazi za kila kiumbe zimejengwa nayo. Mahali penye ukuaji wa haraka, yaani ncha ya mzizi, chipukizi na mbegu, ndipo inapohitajika zaidi.

Kwa hiyo wakati wake mkubwa ni mwanzoni, mche ukiwa bado mdogo na mizizi mifupi. Mmea ulioanza na mizizi mizuri utajitafutia baadaye. Ule ulioanza na njaa utachelewa, utakuwa mfupi, na maua yatakuja kwa kuchelewa. Hapo ndipo msemo wa "fosfati ya maua" ulipotoka. Ni kweli kwamba mmea wenye njaa ya fosfati hautoi maua vizuri. Lakini mmea ulioshiba hautaongeza maua kwa sababu umerundikiwa nyingine. Ng'ombe aliyekunywa akatosheka, ukimletea ndoo ya pili hakupi maziwa zaidi.

Imefungwa na nini?

Nitrojeni hutembea na maji. Ukiimwaga juu, mvua huishusha hadi kwenye mizizi, na mvua kubwa huipitisha mbali. Fosfati haifanyi hivyo. Inakaa pale ulipoiacha. Kwa msimu mzima husogea milimita chache tu. Kwa hiyo mbolea iliyomwagwa juu ya udongo katikati ya mistari, mizizi ikiwa chini na pembeni, ni kama chakula kilichoandaliwa nyumba ya jirani.

Halafu kuna udongo wenyewe. Udongo mwekundu wa miinuko yetu umejaa chuma na alumini. Ukiwa na asidi nyingi, yaani ukiwa mchachu, chuma na alumini hiyo huishika fosfati kwa nguvu na kugeuka kitu ambacho mzizi hauwezi kunyonya. Udongo wenye chokaa nyingi, kama sehemu zingine za nchi kavu, nao huishika kwa njia yake, ukitumia kalisi. Uchachu hupimwa kwa kipimo kinachoitwa pH. Namba 7 ni katikati. Chini ya hapo ni asidi. Fosfati hupatikana vizuri kati ya 6 na 7. Ukishuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka, huumiza ncha za mizizi, na kuifunga fosfati. Hapo mmea unapigwa mara mbili.

Kwa kawaida, katika msimu wa kwanza mmea huchukua kama asilimia 10 hadi 25 tu ya fosfati uliyoweka. Iliyobaki haipotei. Hubaki udongoni, mwaka baada ya mwaka, na maua yaliyokatwa na kuuzwa huondoka na kidogo sana. Ndiyo sababu shamba lililopokea DAP kwa miaka 15 linaweza kuwa na akiba kubwa, na bado mimea ikaonekana ina njaa.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, tazama haidrenja, yale maua ya vichwa vikubwa yanayopendwa sana kwenye nyua za misheni na za mashamba ya chai kule Limuru na Nyeri. Mahali pengine ni ya buluu, na mahali pengine ni ya waridi, na huenda ni mmea ule ule uliokatwa tawi na kupandwa kwingine. Buluu huletwa na alumini. Udongo ukiwa mchachu, alumini huyeyuka, mmea huinyonya, na ua hugeuka buluu. Ukipunguza asidi kwa chokaa, alumini hujificha na ua hurudi rangi ya waridi. Na ukiweka fosfati nyingi sana, alumini na fosfati hushikana, na ua la buluu hupoteza rangi yake. (Zile nyeupe hazibadiliki, zisikudanganye.) Basi haidrenja ya buluu iliyoiva, bila mtu kuitia dawa, inakuambia bure kwamba hapo fosfati itafungwa.

DAP yenyewe huongeza tatizo hili polepole. Nitrojeni yake ni ya aina ya amonia, na wadudu wadogo wa udongoni wanapoigeuza huacha asidi nyuma. Msimu mmoja si kitu. Misimu 20 mfululizo bila chokaa ni jambo kubwa. Wakulima wa mahindi kule Uasin Gishu na Trans Nzoia wamelijua hilo kwa gharama.

Je, ua langu lina njaa ya fosfati?

Tazama majani ya zamani, ya chini. Mmea ukikosa fosfati huihamisha kutoka majani mazee na kuipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanza chini. Majani huwa madogo, kijani kizito cha kufifia, na pembeni au upande wa chini huingia zambarau. Mmea unadumaa na mizizi ni michache.

Lakini msikimbilie dukani kwa sababu ya zambarau. Waridi kwa asili huchipua majani mapya mekundu, na hayo ni afya. Baridi ya usiku kule Kinangop inaweza kuyatia majani zambarau hata kama fosfati ipo, kwa sababu mizizi iliyopoa hainyonyi. Udongo mzito uliotuamisha maji hufanya vivyo hivyo. Hapo dawa ni mtaro wa kutoa maji na kuinua kitanda, si mfuko.

Na maua yakiwa machache huku majani ni mengi na mabichi sana, hiyo si njaa ya fosfati hata kidogo. Angalia kama nitrojeni imezidi, au kama kuna kivuli cha miti, au kama waridi hazikupogolewa. Mashina yakilegea, fikiria potasiamu. Kumbuka DAP haina.

Mifuko na vitu vilivyoko

DAP inafaa ikiwa unapanda, udongo hauna asidi nyingi, na unahitaji nitrojeni pia. Isiguse mizizi wala vitunguu vya maua, maana amonia yake huchoma.

TSP ni 0:46:0. Fosfati ni ile ile kama ya DAP, nitrojeni hakuna. Kwa bustani iliyopewa samadi nyingi, ambayo tayari ina nitrojeni, sisi twaipenda zaidi kuliko DAP. Tena haileti asidi ile ya amonia. Shida ni kwamba si kila duka huiweka. Inabidi kuulizia, pengine kuagiza kama kikundi.

NPK 17:17:17 ina vyote vitatu sawa. Ni rahisi kwa bustani ndogo. Lakini ukiinunua kwa ajili ya fosfati peke yake utaumia. Tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, DAP ni shilingi 6,000 na NPK hii ni shilingi 5,000. Mfuko wa DAP una kilo 23 za fosfati. Kila kilo inakugharimu kama shilingi 260, na nitrojeni umepata juu yake. Mfuko wa NPK una kilo 8 na nusu za fosfati. Kila kilo ni kama shilingi 590, ingawa hapo umepata nitrojeni na potasiamu pia. Bei hubadilika (mwaka 2022 DAP ilipita shilingi 6,000 katika maduka mengi), lakini njia ya hesabu ni ile ile. Chukua bei ya siku hiyo, gawanya kwa kilo za kile unachokitafuta.

Kuna vile vipakiti vya rangi vyenye picha ya ua kubwa, namba yake kama 10:52:10, vya kupulizia majani. Weka gramu 20 kwa pampu ya lita 20, umebeba kama gramu 10 za fosfati kwa pampu nzima. Vizibo vitano vya soda vya TSP vina zaidi ya hiyo. Mmea mdogo uliopatwa na baridi unaweza kusaidika kidogo na huo mnyunyizo, lakini haulishi bustani. Vile vile msome vizuri: dawa zilizoandikwa fosfiti si mbolea ya fosfati. Huzuia ugonjwa wa kuoza mizizi, na mmea hauwezi kuzitumia kama chakula cha fosforasi.

Mwamba wa Minjingu hutoka Tanzania, karibu na Ziwa Manyara. Ni mawe laini yaliyosagwa, yaliyotokana na mabaki ya ndege na wanyama wa ziwa la zamani. Hauyeyuki haraka kama DAP, lakini kwenye udongo mchachu asidi yenyewe huufungua polepole kwa misimu kadhaa, na kalisi yake husaidia. Kwa waridi, ambazo zitakaa miaka mingi mahali pamoja, unafaa. Kwa maua ya miezi mitatu usiutegemee peke yake. Na kwenye udongo usio na asidi, hapo umezika mawe tu.

Unga wa mifupa ni ndugu wa mwamba huo: kalisi na fosfati, wa polepole, wa udongo mchachu. Watunza bustani wa zamani waliupenda sana chini ya waridi na vitunguu vya maua. Twaomba jambo moja hapa kwa msisitizo: msiokote wala kusaga mifupa ya mnyama aliyekufa bila sababu kujulikana. Kimeta bado kipo nchini mwetu, na mbegu zake hukaa miaka mingi. Mnyama aliyekufa ghafla haguswi. Anaitiwa daktari wa mifugo.

Samadi na mboji tumeviweka mwisho, lakini kwetu ndivyo vya kwanza. Samadi ya ng'ombe haina fosfati nyingi, ya kuku ina zaidi. Faida yake kubwa ni nyingine: samadi ikioza hutoa vitu vinavyoshikana na chuma na alumini, na hivyo kuiachia fosfati nafasi ya kufika kwenye mzizi. Ndiyo sababu kizibo kimoja cha TSP kilichochanganywa na koleo la mboji hufanya kazi kuliko vizibo viwili vikavu. Tithonia nayo, ile alizeti ya porini yenye maua ya manjano kandokando ya barabara, ambayo Wajaluo huiita maua makech, ina majani yenye chakula kingi. Watafiti waliifanyia kazi sana Maseno na magharibi mwa Kenya miaka ya 1990. Majani yake yakikauka, kila kilo 100 zina kama kilo 3 na nusu za nitrojeni, kilo 4 za potasiamu na karibu gramu 400 za fosforasi. Kata machanga, zika kwenye kitanda wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Lakini kumbukeni: iliyotoka kwenye ua wa shamba lako lile lile haijaongeza fosforasi shambani, imeihamisha tu.

Jivu hupunguza asidi na lina potasiamu nyingi. Fosfati yake ni kidogo. Jivu na chokaa visichanganywe na DAP kwenye ndoo moja. Vikikutana na unyevu amonia hutoka, utaisikia puani, na hiyo harufu ni nitrojeni yako inayoondoka.

Na mbolea bandia je? Mwaka 2024 nchi nzima ilisikia habari za mifuko iliyouzwa kama mbolea kumbe ndani ni unga wa mwamba usio na chakula. Rangi ya chembe si ushahidi, kwa sababu DAP halali huja ya kijivu, ya kahawia au nyeusi. Nunueni mfuko ulioshonwa kiwandani, wenye alama ya ubora, na mdai risiti. Kijiko kimoja cha DAP katika gilasi ya maji, ukikoroga na kusubiri, kwa sehemu kubwa huyeyuka na kuacha mashapo kidogo. Ikibaki kama ilivyokuwa, peleka mfuko na risiti kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla hamjapanda.

Pima udongo kwanza

Hakuna jicho, hata letu, linaloona fosfati udongoni. Maabara kama ile ya KALRO huko Kabete hupima. Ulizeni ada mapema, mchange kama kikundi. Lakini mashamba yasiyofanana yasichanganywe katika sampuli moja.

Chukua ndoo safi, isiyowahi kubeba mbolea. Tembea shambani kwa mstari wa kwenda na kurudi, na chimba mahali 10 hadi 15, kina cha sentimita 20. Epuka chini ya miti, palipokuwa na lundo la samadi, kando ya ua na kwenye njia ya ng'ombe. Changanya vizuri, chukua nusu kilo, anika kivulini na si juani wala kando ya jiko, weka kwenye mfuko safi, andika jina la shamba na ua mnalotaka kupanda. Fanyeni hivyo miezi miwili au mitatu kabla ya mvua, ili jibu lifike kukiwa bado na nafasi ya kuweka chokaa.

Jibu likija, soma pH kwanza kabla ya fosforasi. Ikiwa chini ya 5.5, pesa ya kwanza iende kwa chokaa ya shamba, kwa kipimo walichoandika, ikichanganywa na udongo majuma kadhaa kabla ya kupanda. Usizidishe chokaa, waridi likipanda kitanda chenye chokaa nyingi hukosa chuma na majani machanga hugeuka manjano, mishipa ikibaki kijani. Ikiwa fosforasi imeandikwa kuwa ya kutosha au juu, basi msimu huo hakuna DAP. Wengi huogopa hapo. Wanasema, "Tutapandaje bila kitu?" Mnapanda na mboji, na nitrojeni na potasiamu kama karatasi ilivyosema.

Kuweka kwenyewe

Ikiwa karatasi imesema, kwa mfano, mifuko 2 ya TSP au DAP kwa ekari, hiyo ni kilo 100 kwa karibu mita mraba 4,050. Ni kama gramu 25 kwa kila mita mraba. Kitanda cha mita 10 kwa mita 1 kitapata robo kilo, basi. Tumeona vitanda kama hivyo vikipewa mkebe mzima wa kilo mbili, mara nane ya kipimo, kwa moyo mwema kabisa.

Kizibo cha soda kilichojaa bila kurundika hubeba kama gramu 5. Afadhali mpime vizibo 20 kwa mizani ya dukani mara moja, mgawanye, mjue kizibo chenu.

Kwa maua ya mistari, fungua mfereji wa kina cha sentimita 10. Nyunyiza mbolea sawasawa, changanya na mboji, rudisha udongo wa vidole viwili au vitatu juu yake, kisha weka mche au kitunguu. Mizizi itashuka na kuikuta. Usitandaze fosfati kitanda kizima kwenye udongo mwekundu. Ukiitandaza umeikutanisha na chuma yote ya shamba. Ukiiweka kwenye mstari mwembamba, nyingi inabaki huru.

Kwa waridi, chimba shimo la sentimita 45 kila upande, changanya mbolea na udongo wa juu pamoja na debe la samadi iliyoiva, usiache chembe zimerundikana chini. Kwa waridi iliyokwisha kukua na karatasi ikasema kuna upungufu, toboa vishimo vya kina cha kidole kuzunguka pale matawi yanapoishia, tia kidogo kidogo, funika, halafu tandaza majani makavu juu. Unyevu ukikaa, mizizi myembamba hupanda hadi chini ya majani hayo na kujilisha.

Ikizidi

Fosfati nyingi haichomi majani kama nitrojeni, ndiyo maana watu hawaioni. Kwanza huzuia zinki na chuma. Majani machanga yanakuwa madogo na ya manjano, na mtu anadhani ni njaa tena, anaongeza. Pili, kwenye mizizi ya mimea mingi kuna kuvu wazuri, wembamba kama uzi wa buibui, wanaokwenda mbali kuliko mzizi na kuuletea fosfati wakipewa sukari. Kitanda kikijaa fosfati, mmea huacha kuwalisha na kuvu hupungua. Tatu, mimea ya jamii ya protea, ambayo asili ya mingi ni Australia na Afrika Kusini, imezoea udongo maskini mno, na fosfati ya kawaida tu huiumiza. Mgrevilea tunaoupanda kwenye mipaka ni wa jamii hiyo. Una vishada vya mizizi vya kutafutia fosfati, kwa hiyo usiupe.

Tena kuna majirani wa chini. Fosfati haitembei na maji, lakini hutembea na udongo unaobebwa na maji. Mvua ikipiga kitanda kitupu kwenye mteremko wa Kinangop, udongo huo unaingia Turasha, kisha Malewa, na mwisho wake ni Ziwa Naivasha, ambalo halina mto wa kutoka. Ziwani fosfati hulisha mwani na gugu maji. Mwani ukifa na kuoza hula hewa ya maji, na samaki hufa. Mara nyingi mashamba makubwa ya kando ya ziwa ndiyo hulaumiwa, na yana sehemu yao, lakini udongo wetu wa juu nao upo ndani ya hesabu hiyo. Vitanda vikatwe kukingama na mteremko, na upande wa chini muache ukanda wa nyasi za napia. Mkizikata mnalisha ng'ombe, na samadi inarudi kitandani pamoja na ile fosfati iliyotaka kukimbia.

Mfuko uliobaki ufungwe vizuri na uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, jivu na chokaa, na mahali watoto na kuku hawafiki. DAP na TSP zikikaa kavu hazioharibiki haraka. Msimu ujao zitatumika.